Si na Si

Lile ambalo Vahuka alikuwa akiliogopa tangu ndevu zimuote lilitokea asubuhi kweupe, mbele za watu, na dunia haikupasuka. Heri tuliseme hilo kwanza, msomaji naye akae kitako akijua kwamba hakuna atakayeuawa katika sura hii. Tumechoka na vifo. Kuna hofu ambazo mtu huzibeba mpaka akazidhania ni sehemu ya mgongo wake, na siku zikimdondoka hujipapasa kiuno akijiuliza mbona leo anatembea mwepesi. Vahuka siku ile alitembea mwepesi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kuanzia, lakini ukimtazama ungesema kijana aliyetoka jandoni jana.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Mji hupewa jina ili usichanganywe na mwingine, na watu wa pale hawakuona mwingine wa kuchanganywa nao. Waliuita Katikati, yakaisha. Wao wenyewe, kwa ulimi wao, walijiita Ariya. Na wengine wote waliobaki chini ya jua, wapanda farasi kwa wavuvi, wala nyama kwa wala nafaka, waliwakusanya katika neno moja tu: An-Ariya, yaani wasio. Ni njia rahisi ya kuitaja dunia nzima, na haichoshi kinywa.

Sheria ya Katikati hata mtoto aliweza kuichora mchangani kwa kijiti. Unaweka nukta: hao ni sisi, tulio bora. Unazungusha mzingo: hao wanapakana nasi, wana nafuu, maana harufu ya ubora wetu huwafikia upepo ukivuma vizuri. Unazungusha mwingine: hao wanapakana na wanaopakana nasi, si haba. Unakwenda hivyo, na kila mzingo unavyopanuka ubora unapungua, kama mchuzi unaoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi, mpaka ufike Ukingoni, ambako watu, ikiwa kweli ni watu, hawana ladha kabisa. Hakuna mtu wa Katikati aliyewahi kwenda Ukingoni kuonja. Wahenga wetu walisema asiyekujua hakuthamini. Wenzetu wale waliuchukua msemo huo wakaufanya hesabu.

Hata kusalimiana kulikuwa kupima. Kwetu mdogo husema shikamoo, mkubwa akaitikia marahaba, kila mtu akaenda zake. Kule, wawili wakikutana njiani, walio sawa walibusiana mdomoni. Mmoja akiwa chini kidogo, walibusiana shavuni. Akiwa chini sana, alijibwaga kifudifudi mavumbini na kungoja kuambiwa inuka. Mpita njia hakuhitaji kuuliza nani ni nani, alitazama midomo tu.

Na majirani waliwataja kwa kofia. Kulikuwa na Kofia Pana, watu wa visiwani waliovaa kitu mfano wa ngao kichwani. Kulikuwa na Vilemba Vitatu, na Wasio na Kofia, ambao walidharauliwa zaidi kwa kuwatia watu taabu ya kuwatafutia jina. Na mwisho wa yote, Ukingoni kwenyewe, kulikuwa na Kofia za Ncha, watu wa nyika baridi, waliovaa kofia ndefu zilizochongoka juu. Hakuna aliyewauliza wao wenyewe wanajiitaje. Yaani waliulizwa, mara moja kila mwaka, lakini kwa namna ambayo mtu hupigiwa hodi na askari.

Kuulizwa huko kulifanyika Siku ya Nairuzi, mwaka unapogeuka. Mataifa ya mizingo yote yalikuja na zawadi zao kwenye Jumba la Nguzo, na kila ujumbe ulipokelewa chini ya ngazi na Mshika Mkono. Huyu alimshika mkono kiongozi wa wageni, akampandisha taratibu mpaka mbele ya pazia ambalo nyuma yake alikaa Mfalme. Mfalme hakuonekana wala hakusema. Kilichojulikana ni kwamba yupo, na kwamba pazia halikuwa zito. Vahuka ndiye aliyekuwa Mshika Mkono mzoefu kuliko wote. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye joto la wastani, na inasemekana wageni waliotetemeka walitulia wakikishika.

Ubavuni mwa ngazi palikuwa na ukuta wa mawe, na mawe hayo yalikuwa yamekwisha kuchongwa mataifa yote yakipanda: huyu na kondoo wake, huyu na vikuku, huyu na farasi, kila mmoja ameshikwa mkono na mtu wa Katikati. Ajabu ni kwamba ukuta ulikuwa wa zamani kuliko ugeni. Watu wa mawe walifika kabla ya watu wa damu. Ujumbe ulipokuja, uliwakuta wenzao wamekwisha kutangulia, wameinama kiasi kinachotakiwa, na kilichobaki ni kuwafuatiza. Aliyeleta farasi wakati jiwe lake limeleta ngamia alionekana mwongo. Vahuka alizoea kujitafuta kwenye ukuta ule. Washika mkono wote wa mawe walikuwa na uso mmoja, ndevu zile zile, jicho lile lile la pembeni. Yupi kati yao ni mimi? Akidhani amejipata, hugundua kwamba mkono aliodhani ni wake ni wa mgeni, na kwamba mahali mikono miwili inapokutana mchongaji hakujisumbua kuonyesha wa nani unaishia wapi.

*

Sisi.

Vahuka hulitafuna neno hilo akiwa peke yake. Sisi. Livunje katikati uone lilivyotengenezwa. Si. Na si. Hakuna kingine ndani yake. Si hawa, si wale. Ondoa wale, ondoa hawa, kinabaki nini cha kusema? Mdomo wazi. Sisi si wenye kofia ya ncha. Sisi si wenye kofia pana. Sisi si, si, si, na baada ya kukataa dunia nzima tunapumzika tukidhani tumejitaja.

Na mimi je? Mimi ni wa Katikati. Nani kasema? Baba yangu kasema, naye amekufa. Mama yangu hajasema. Hajawahi kusema. Ameitikia tu.

Ningekuwa jiwe ningejua nimemshika nani.

*

Mama yake, Humaya, aliletwa mjini na mumewe akiwa mwari, kutoka bonde fulani la karibu, ndivyo walivyosema. Bonde lenyewe halikutajwa mara mbili kwa jina moja. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyejibu kila kitu kwa "naam" na "ndivyo" na "kama unavyoona", na mtaa ulimpenda kwa hilo, maana watu humpenda asiyewabishia.

Ila uani, pamoja na kuku, alikuwa mtu mwingine. Aliwasemesha kwa lugha ya kukwaruza, yenye sauti za kooni na vicheko katikati. Aliwaita, aliwatukana, aliwasimulia habari ndefu huku wakidonoa mtama miguuni pake. Vahuka alipokuwa mdogo alimuuliza hiyo ni lugha gani. Mama akasema, "Ya kuku."

Mtoto akaamini. Kwa nini asiamini? Alikua akijua kwamba kuku wana lugha yao, na kwamba mama yake anaijua kuliko wanawake wote wa mtaani, akajifunza naye vijineno vyake. Alikuwa akijigamba kwa wenzake. Mpaka alipoajiriwa kwenye Jumba la Nguzo, na Nairuzi yake ya kwanza akasimama nyuma ya mstari akawasikia Kofia za Ncha wakizungumza wao kwa wao, na kuku wote wa utoto wake wakamjia kichwani. Aliegemea nguzo.

Hakumwambia mama kwamba amejua. Mama naye hakujua kwamba mwanawe amejua. Wakaishi hivyo chini ya paa moja, kila mmoja akimlinda mwenziwe kwa siri ile ile, wakipokezana mkate. Sheria ilikuwa wazi: mtu wa Ukingoni akikutwa anaishi Katikati kwa jina la uongo, hutolewa langoni pamoja na kila aliyetoka tumboni mwake, na lango halifunguliwi tena. Vahuka hakuogopa kupoteza cheo chake. Aliogopa kumwona mama yake, na magoti yake yale mabovu, anatembezwa jangwani kuelekea nchi aliyoiacha akiwa msichana. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sawa, lakini wahenga hawakuwa na mama wa kumficha.

*

Basi Nairuzi ile mkalimani wa Kofia za Ncha alikufa njiani kwa homa ya mtoni. Ndiye pekee aliyeijua lugha yao, yaani ndivyo mji ulivyoamini. Ujumbe ukafika chini ya ngazi umesimama bubu. Kijana aliyepangiwa kuwapandisha alisingizia tumbo. Na Mpimaji wa Mizingo, Bwana Rashnaka, mtu mrefu mwenye ndevu zilizosukwa kwa mafuta na uso wa mtu ambaye ameshaambiwa kila kitu, akamwashiria Vahuka kwa kidole.

"Wewe. Mkono wako hutuliza wanyama."

Miaka yote Vahuka alikuwa amewakwepa Kofia za Ncha. Alishuka. Wanawake, mama za washika mkono, walikuwa wamekaa ngazi za chini kama desturi ilivyotaka, kila mmoja na bakuli la ngano iliyochipuzwa mapajani. Humaya alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Alikuwa ameinamia bakuli lake akizitazama ngano utadhani amepoteza kitu ndani yake.

Kiongozi wa Kofia za Ncha alikuwa mzee aliyeitwa Saukani. Jina hilo lilikuja kujulikana baadaye, wakati ule alikuwa kofia tu. Vahuka akamshika mkono. Ulikuwa mkono mkubwa wenye sugu za hatamu, na ulikuwa unatetemeka. Wakapanda pamoja, vijana wa ujumbe nyuma yao na farasi wawili wa zawadi, mpaka mbele ya pazia.

Rashnaka akauliza swali la kila mwaka, kwa lugha ya Katikati:

"Ninyi ni nani?"

Saukani alimtazama, akatazama pazia, akatabasamu kwa adabu.

"Ninyi ni nani?"

Mzee akamgeukia kijana wa nyuma yake akanong'ona. Watu walisikia mkwaruzo tu. Vahuka alisikia, "Wanataka nini? Tumekosa nini?" Na pale chini alimwona mama yake amefumba macho, kwa hiyo akajua kwamba naye amesikia.

"Asiyejibu hana jina," akasema Rashnaka, bila ukali, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. "Na asiye na jina ni mali. Wapelekwe machimboni wakachonge mawe."

Askari wa mlangoni, bonge la mtu aliyeitwa Ardufa, akaja na kamba.

Mkono wangu. Mkono wake. Nikiuachia, kazi yangu nimemaliza. Hakuna atakayenilaumu. Nikisema, watauliza nimejifunzia wapi. Nitasema nini, kwa kuku? Mama fumba macho. Mama usisikie. Nina neno gani mimi? Sina hata la kusema karibu. Sijawahi kuwakaribisha watu kwa lugha hii. Nani anamkaribisha nani katika lugha ya uani? Lipo moja. Lile la jioni. Lile linalokusanya wote na kuwaingiza ndani salama.

Na Vahuka, Mshika Mkono wa Jumba la Nguzo, akaivuta pumzi, akamwinamia balozi wa Ukingoni, na kwa matamshi safi kabisa, pamoja na ule mluzi mdogo wa mwanzo na kugonga ulimi kwa mwisho, akamwambia kwa lugha yake:

"Ingieni, ingieni, wapumbavu wangu, kabla paka hajawala!"

Kofia za Ncha zote zilisimama wima. Saukani alimtazama Mshika Mkono, akamtazama Ardufa na kamba yake, akamtazama Rashnaka na ndevu zake, halafu uso wake ukaanza kukunjika kutoka pembeni mwa macho.

Kabla hajapata nafasi ya kucheka, bakuli lilianguka chini ya ngazi likavunjika.

Humaya alikuwa amesimama. Watu walidhani baadaye kwamba alikuwa shujaa, wakamsifu, na yeye alikuwa akiwakatalia kila mara. Hakufikiri habari ya ushujaa. Mama yeyote anajua: mtu anaweza kuivumilia dhuluma ya nchi nzima miaka na miaka, lakini hawezi kumsikia mwanawe anakosa adabu mbele ya wageni. Akapaza sauti, kwa lugha ya nyika, ikasikika hadi mwisho wa nguzo.

"Vahuka! Hao ni wageni, si kuku! Mzee wa watu mwenye mvi zake! Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Wewe, mama," akajibu Vahuka, kwa lugha ile ile, kabla hajajizuia.

Ndipo kikaja kicheko. Hakikutoka kwa Saukani, ijapokuwa alikuwa amelishika tumbo lake, wala kwa vijana wake. Kilitoka nyuma ya pazia. Kilianza kwa kukohoa, kikazuiwa, kikaponyoka, kikawa kicheko kikubwa cha mtu mzima anayefuta machozi, na pazia likatikisika. Kikaendelea muda mrefu. Kilipoisha, alisikika mtu akijipangusa pua.

Na hapo ndipo kila aliyekuwa ndani ya Jumba la Nguzo alipofahamu jambo moja, kwa wakati mmoja, na kila mmoja akatazama miguu yake. Hakuna mtu aliyekuwa ametafsiri neno lolote.

*

Tuseme ukweli, hapa ndipo msimulizi naye hushusha pumzi. Maana mtu anaweza kuyapima mataifa yote ya dunia kwa kamba, akayapanga kwa mizingo, akayachonga kwenye mawe, halafu akasahau kuuliza nani alimnyonyesha Mfalme. Yaya gani wa Ukingoni? Bibi gani, mama gani? Hatujui na hatutajua, sura hii haina ruhusa ya kufunua pazia. Tunajua tu kwamba penye nukta, pale pale palipochomwa kijiti mara ya kwanza, palikuwa na mtu aliyeijua lugha ya kuku.

Bwana Rashnaka alisimama. Uso wake haukuwa tena wa mtu aliyeambiwa kila kitu. Hebu mwoneeni huruma kidogo. Kama angesema mama huyu ni wa Ukingoni, afungwe, ingebidi aeleze kilichosemwa. Kueleza kilichosemwa kungetaka mkalimani, na mkalimani hakuwepo; na hapo mtu mwingine angeuliza, mbona yule wa ndani alicheka bila mkalimani? Alizunguka jambo hilo kichwani mwake, na kila alipozunguka alirudi pale pale. Mtu aliyeishi kwa mizingo alinaswa katika mmoja. Mwishowe akakohoa.

"Naona," akasema, "tumepata mkalimani."

Ardufa aliiweka kamba chini haraka, kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni mkanda. Watu wakapumua. Ilisikika, ile pumzi. Ilipita katikati ya nguzo kama mlango umefunguliwa mahali. Vahuka aliyumba, na mkono wa mzee Saukani, ambao sasa ulikuwa haujambo, ndio uliomshika yeye asianguke.

"Waulize basi," Rashnaka akamwambia Humaya. "Wao ni nani?"

Humaya alipanda ngazi, mguu mmoja baada ya mwingine, vipande vya bakuli vikimsagika chini ya viatu. Akamsalimu Saukani salamu kamili ya nyika, ndefu, ya kuulizana habari za mifugo na za majani na za wafu, mpaka Rashnaka akaanza kutapatapa. Kisha akauliza.

"Anasema wao ni Sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi tu, bwana. Ndilo jina lao. Kwa lugha yao neno la sisi na jina la kabila ni moja."

"Haiwezekani. Sisi ni sisi."

"Nimwambie hivyo?"

Rashnaka akafikiri. "Usimwambie. Muulize, huko kwao sisi wanatuitaje."

Humaya hakuuliza. Alijua jibu tangu utotoni, na sikio lake likawa jekundu. "Wanawaita Wababaikaji, bwana. Wanaosema neno lisieleweke." Kisha akaona haya, akaongeza upesi, "Hawana nia mbaya."

Hapa na sisi tunaosimulia tusijitie usafi. Lugha yetu mpaka leo inawaita watu wale Waajemi na nchi yao Uajemi, na neno hilo tulipewa na majirani zao Waarabu, ambao kwao ajemi ni yule ambaye akisema haeleweki. Tumelipokea, tukalivaa, wala hatukuuliza lilikuwa tusi la nani. Waliowaita wengine wasio, wakaitwa na wengine wasioeleweka. Nyani haoni kundule, na msitu una nyani wengi.

Saukani alikuwa anaendelea kusema, ametulia sasa, akionyesha farasi.

"Anasema," Humaya akatafsiri, "kwamba wazee wao wanafundisha hivi: walio bora ni wao. Wanaofuata ni wanaopakana nao. Na kadiri mtu anavyokaa mbali ndivyo ubora unavyompungukia, maskini, si kosa lake. Anasema ninyi ndio mnaokaa mbali kuliko wote. Ndiyo maana wanakuja kila mwaka na zawadi. Wanawahurumia."

Mtu mmoja nyuma ya nguzo aliguna. Alichouliza Rashnaka hakikuwa cha Mpimaji. Lilikuwa swali la mtoto.

"Mbali na wapi?"

Humaya akaulizia. Mzee Saukani alishangaa kwamba mtu mzima anaweza kuuliza jambo kama hilo.

"Mbali na kwetu," akasema. "Kuna kwingine?"

Nyuma ya pazia mtu alisogeza kiti. Hakuna zaidi. Vahuka alitupa jicho kwenye ukuta wa mawe, kwa mazoea, kutafuta yupi ni yeye, na kwa mara ya kwanza hakuona sababu ya kutafuta. Lile lililokuwa limemkaba halikuwepo. Alijisikia kama mtu aliyekuwa anabana pumzi ndani ya maji akagundua kwamba maji yenyewe yanamfikia kiunoni, na anaweza kusimama. Alitamani kulia na hakuona aibu ya kutamani.

"Na wewe, mama," Rashnaka akasema, akijaribu kuirudisha sauti yake ya zamani na kuikosa. "Nikuweke mzingo upi?"

"Niweke kivulini, baba yangu. Miguu inaniuma."

Akaletewa kigoda.

*

Desturi ilibaki moja. Mshika Mkono akimaliza kazi yake ya Nairuzi humsalimu mama yake mbele ya watu, na salamu hiyo ndiyo hufunga siku. Kila mtu alinyoosha shingo. Mdomoni? Shavuni? Mavumbini? Chochote atakachofanya kitasema nani ni wa wapi, na kilichosemwa kwa mwili hakuna pazia la kukifunika. Wengine, nadhani, walitumaini yeye awape kipimo kipya, maana watu wakinyang'anywa mizingo huona kizunguzungu.

Vahuka akawaza: mimi ni mwanawe, yeye ni mkubwa kwangu. Akaanza kuinama. Humaya naye akawaza: yeye ni wa Katikati, mimi leo nimejulikana nilipotoka, nisimharibie mwanangu. Akajiinua kigodani, akaanza kuinama. Wakainama kwa pamoja, kwa heshima kubwa, na vichwa vyao vikagongana kwa kishindo kilichosikika hadi kwenye farasi.

"Ala!" akasema Humaya, au neno la nyika lenye maana hiyo. Akajishika paji la uso. Akamtazama mwanawe kwa jicho la karibu sana, na Vahuka akaona kwamba uso wa mama yake unabadilika, kwamba kuna kitu kinapanda kutoka chini, na akarudi nyuma hatua.

"Tangu lini?" mama akauliza, kwa lugha yake. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza nilipoajiriwa."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuwa nakulinda, mama."

"Nami nilikuwa nakulinda wewe! Tumelindana mpaka tumezeeka!" Alisema hivyo kwa ukali mwingi, na mikono ilikuwa ikipanda na kushuka, mikono ambayo watu wa mtaani hawakuwahi kuiona ikitoka mapajani. "Ningepata mtu wa kusema naye! Usiku nilipomzika baba yako sikuwa na mtu wa kumlilia kwa maneno ya kulilia. Nimelia kwa lugha yao, Vahuka, lugha yao ina neno moja tu la kulia! Na wewe ulikuwa chumba cha pili, unajua, umenyamaza!"

"Nisamehe, mama."

"Sijamaliza!"

Watu wa Katikati hawakuelewa hata neno. Ardufa, askari, alikuwa amekaa juu ya kamba yake, kidevu mkononi, akitazama. Mzee Saukani alitikisa kichwa kila mara, akikubaliana na mama.

Humaya akasita. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye alikuwa anacheka, au alikuwa anahema, ilikuwa vigumu kutofautisha.

"Miaka yote hii watu hunisifu," akasema, taratibu sasa. "Humaya mpole. Humaya hana neno na mtu. Nilikuwa sina maneno, mwanangu, ndiyo maana sikuwa na neno. Mimi si mpole. Sijawahi kuwa mpole. Kwetu walikuwa wananikimbia kwa ulimi. Wewe umelelewa na mwanamke usiyemjua."

Vahuka aliketi chini mbele ya kigoda chake, juu ya jiwe tupu, akakunja miguu. Alikuwa na furaha.

"Basi nigombeze, mama," akasema.

Akamgombeza.